Sekretari na Mashine Iliyochelewa Kuamka

Mtaa mzima wa Mabawa, kwetu Tanga, ulimwita Sekretari. Wazee walimwita hivyo, watoto walimwita hivyo, hata muuza samaki aliyepita na baiskeli alipaza sauti mlangoni, "Sekretari, changu wapo!" Jina lake la kuzaliwa nililijua, lakini sikulitumia alipokuwa akinisikia na sitalitumia hapa. Habari za alikotoka hakupenda kuulizwa. Ukimwuliza kabila alijibu, "Mchapaji," na mazungumzo yakaishia hapo.

Alikuwa na duka la steshenari, chumba cha mbele cha nyumba yake mwenyewe. Ndani mlikuwa na kompyuta moja, printa moja na mashine ya fotokopi iliyokohoa kama mvuta sigara. Tulichapa matangazo ya khitma na maulidi, barua za maombi, wasifu wa vijana wanaotafuta kazi bandarini. Lakini kazi iliyotulisha hasa ni kadi za harusi. Sekretari alikaa nyuma ya meza kwa baibui jeusi, miwani ikining'inia kifuani kwa uzi wa mkonge aliousokota kwa mkono wake.

Hakumwogopa mtu anayesubiri. Hilo ndilo jambo la kwanza mgeni alilolitambua kwake. Mteja akiingia akihema, anataka kadi zake sasa hivi kwa kuwa gari linamngoja nje, Sekretari alimtazama juu ya miwani akasema, "Keti. Haraka umekuja nayo, sikukupa mimi." Nimemwona akimwambia hivyo mtu mwenye cheo kikubwa, na yule bwana akaketi.

Wapo wanaosema alikuwa mkali. Alikuwa mkali. Sitamlainisha leo kwa sababu tu ninamkumbuka kwa mapenzi. Alinikaripia mbele za watu, alinichania kazi niliyoikesha, na katika miaka yote niliyofanya kazi kwake hakuniambia hata siku moja kwamba nimefanya vizuri. Kazi ikiwa nzuri alisema, "Haya, nyingine."

Ukali huo aliutoa ofisini. Kabla ya duka alikuwa karani wa kupiga taipu katika shamba moja la mkonge. Shamba lilipofungwa, barua za kuachishwa kazi zilipita mikononi mwake zote, za wakata mkonge, za madereva, za wapishi. Ya mwisho ilikuwa yake mwenyewe. Aliichapa bila kosa, akaipeleka kwa meneja, akasimama pale pale mpaka ikatiwa saini. Meneja akamwuliza kama anataka kukaa kidogo anywe maji. "Sijaja kunywa," akamwambia. "Nimekuja kuchukua barua yangu." Kisa hiki alikisimulia mara nyingi, na kila mara alikimaliza kwa kucheka, kana kwamba aliyefukuzwa siku ile alikuwa meneja.

Sasa mtu huyo huyo, asiyetishwa na meneja wala mwenye cheo, alikuwa na udhaifu mmoja ambao nusura utumalize. Hakuweza kukataa zawadi.

Nyumba yake ilijaa vitu visivyofanana: saa za ukutani zilizosema kila moja wakati wake, seti za vikombe, maua ya plastiki, vitambaa vya kufuma vilivyofunika kila kitu mpaka redio. Ukimwuliza mbona hii saa mbovu huitoi, alikuambia nani aliileta na kwa shughuli gani. "Zawadi ikikataliwa," alisema, "inarudi kwa mwenyewe ikiwa na kinyongo." Na mgeni aliyeleta kitu alikikuta mahali pake kila alipokuja, miaka na miaka, ili ajue kwamba amethaminiwa.

Mimi nilikuwa nikimfahamu tangu utoto kama jirani tu. Nilimjua hasa siku ya arobaini ya mama.

Baba alikuwa ametangulia. Tulibaki wanne: mimi mkubwa, wadogo zangu wawili wa kike, na kitindamimba wetu, mvulana ambaye bado alikuwa aking'oka meno ya utoto. Nilikwisha kuacha shule nikiwa kidato cha pili, mama alipoanza kulazwa kitandani na ugonjwa. Khitma iliposomwa na watu wakala, baba mdogo, aliyekuja kutoka Maramba, alikohoa kusafisha koo, akatugawa. Wasichana wataenda Pangani kwa shangazi. Mvulana atamchukua yeye Maramba, akakulie shambani. Mimi nimeshakuwa mwanamume, nikajitafutie. Alisema kwa upole, kama mtu anayepanga sahani.

"Sitaki," nilisema.

"Hujaulizwa," alisema. "Watoto wa kike hawalelewi na mvulana. Tena mvulana asiye na kazi."

Sekretari alikuwa upande wa wanawake akikusanya vyombo. Akatokea mlangoni na sinia mikononi. "Nani hana kazi?"

"Huyu, bi mkubwa."

"Huyu ni mtu wangu wa dukani."

Baba mdogo akanitazama, akamtazama yeye. "Tangu lini?"

"Tangu wewe ulipokuwa unakula pilau."

Watu walicheka, ingawa ilikuwa khitma. Baba mdogo hakucheka. Alisema sawa, watoto wabaki kwa muda. Lakini kabla mwezi wa Ramadhani haujaandama atakuja kutazama kama nyumba inakula kwa kazi hiyo. Ikiwa haili, atawachukua, na safari hiyo hataki kusikia maneno ya majirani.

Basi nikawa mtu wa dukani. Kesho yake Sekretari alinikalisha mbele ya kompyuta, akanifunika mikono kwa kanga ili nisione vidole vyangu. "Herufi hazitazamwi," aliniambia. "Unatazama kazi." Nilichapa upuuzi wiki nzima chini ya kanga ile. Wazee waliokunywa kahawa jirani na duka walikuja kuchungulia. "We kijana," mmoja alisema, "umeajiriwa au umeozwa? Mbona umejifunika?" Sekretari akamjibu bila kuinua kichwa, "Huyu anafunikwa mikono, nyie mmefunikwa akili. Rudini kwenye kahawa yenu." Nao wakarudi, wamefurahi kutukanwa. Wengine walikuja kwa ajili hiyo tu.

Mashine ilianza kutusumbua mwezi wa Shaabani, na hapakuwa na mwezi mbaya zaidi ya huo. Kila mwenye posa anataka aoe kabla ya mfungo. Kadi zilikuwa zikiagizwa mfululizo, na mimi nilikuwa nikihesabu kwamba baba mdogo atakuta nyumba imesimama.

Mfumo uliokuwa ndani ya kompyuta ulikuwa wa zamani, na kurasa nyingi za maombi ya kazi zilikuwa zimeanza kukataa kufunguka. Fundi mmoja wa Ngamiani akaja, akafuta kila kitu, akaweka mfumo mpya. Siku hiyo mashine iliwaka upesi, skrini safi kama sahani iliyooshwa. Sekretari akaifukiza ubani. Huyu ndiye aliyewacheka kina mama wanaoogopa jicho, lakini mashine yake aliifukiza ubani.

Kwetu mtu akijifungua, au akihamia nyumba mpya, majirani huja kutazama, na hawaji mikono mitupu. Habari ikaenea kwamba mashine ya Sekretari imezaliwa upya. Wakaja kuitazama. Na kwa kuwa huwezi kuiletea kompyuta sabuni wala nguo za mtoto, walileta programu, kila mtu na flashi yake. Sheikh wa madrasa alileta programu ya kuadhini kwa wakati. Mwenye duka la dawa alileta ya adhana nyingine, akasema sauti ya hii ni nzuri zaidi. Mwalimu mstaafu alileta kalenda ya Hijria. Mpenzi wa mpira alileta ya matokeo. Na watu watatu tofauti walileta programu za kufukuza virusi, kila mmoja akiapa kwamba yake ndiyo yenyewe. Sekretari alizipokea zote. "Ahsante, Mungu akuzidishie. Kijana, iweke, mwenyewe aone." Niliziweka, mwenyewe akaona, akapewa kashata akaenda zake.

Ndipo mashine ikaanza kuchelewa kuamka. Ukiiwasha asubuhi ilionyesha kiduara kinachozunguka, kikazunguka, kikazunguka. Ikifunguka, ukigusa kitu inaganda. Umeme ukikatika, na Tanga umeme hukatika, tunaanza upya. Sekretari alizoea kuvuta tasbihi akiisubiri. Zamani hakufika hata nusu ya uzi. Sasa alimaliza uzi wote, akaurudia, akaurudia tena, na kiduara bado kinazunguka. Wateja walikwenda kunywa kahawa wakarudi wakatukuta vile vile. Halafu wakaanza kutorudi.

Fundi alipopigiwa simu alisema, "Bibi, mashine hiyo imezeeka. Nunua nyingine."

"Na mimi nimezeeka," Sekretari alisema. "Mtaninunua mwingine?" Akakata simu.

Katikati ya hali hiyo baba mdogo akatokea, mapema kuliko tulivyomtarajia. Aliketi kwenye benchi la wateja, akanitazama nikitazama skrini. Alikuwa mvumilivu. Alisubiri vya kutosha kabla ya kusema.

"Hii ndiyo kazi? Kukaa kutazama kiduara?"

Sekretari akamjibu. "Wewe ukipanda muhogo leo, unaula leo?"

"Muhogo unaota, bi mkubwa. Hiki sioni kikiota." Akasimama, akapangusa kanzu. "Leo nina shughuli zangu mjini. Ijumaa baada ya swala nakuja na shangazi yao. Wafungiwe nguo."

Nilirudi nyumbani nikawakuta wadogo zangu wameshasikia. Mtaa wetu hauna siri. Mdogo wangu wa kike wa kwanza aliniuliza, "Kaka, tufunge?" Nikamwambia, "Usifunge hata leso." Lakini nililala vibaya.

Asubuhi nikamwambia Sekretari kwamba leo sichapi, leo naitibu mashine. Alitaka kujua nimesomea wapi utabibu huo. Nikamwambia sijasomea popote, ila kuna jambo moja nalijua: siku fundi alipoondoka, mashine ilikuwa nzima. Ingekuwa ni uzee ingechelewa tangu siku ile. Kwa hiyo ugonjwa umeingia baadaye, na mlango ulioingilia tunaujua, maana tulisimama mlangoni tukiukaribisha.

Hakupenda neno hilo. "Unawasema wageni wangu?"

Ikaadhini. Ilikuwa adhuhuri, na mashine ikaanza kwa adhana ya sheikh. Kabla haijamaliza ikaingia ya mwenye duka la dawa, sauti mbili zikipandana, huku programu za kufukuza virusi zikitoa onyo moja baada ya jingine, kila moja ikilalamika kwamba imewaona wezi ndani. Wezi wenyewe ni wale wenzake wawili. Skrini ikaganda. Wale wazee wa kahawa walicheka mpaka mmoja akamwaga kikombe.

"Bibi," nilisema, "hawa wote wanaamka pamoja na mashine. Kila ikiwashwa, wote wanataka kuingia mlangoni kwa wakati mmoja, na walinzi watatu wanapigana kizingitini. Mashine haijazeeka. Imezidiwa na wageni."

"Nikizifuta, sheikh akija nitamwambia nini?"

Hapo ndipo palipokuwa pagumu. Kuitengeneza mashine lilikuwa jambo dogo. Kumtaka mwanamke yule arudishe zawadi ilikuwa kumtaka avunje sheria pekee aliyoitii. Nilifikiri nikiwa nimesimama. Nikamwambia, "Hatuzifuti. Mgeni hafukuzwi, lakini si kila mgeni anaingia mpaka chumbani. Tutaziweka barazani. Zitakaa humu humu, na ukimhitaji mmoja utamwita. Ila asiingie mwenyewe kila mashine inapoamka."

"Barazani," alisema, kama anayeonja chumvi. "Na wale walinzi?"

"Mlinzi atabaki mmoja. Nyumba haina walinzi watatu."

"Wawili watakasirika."

"Wakasirike."

Nadhani neno hilo ndilo lililompendeza. Akanivutia kiti.

Kulikuwa na ukurasa mmoja ndani ya mfumo mpya unaoonyesha programu zote zinazoamka zenyewe. Sikuzima zote kwa pamoja, maana nilitaka kujua nani anaumiza na nani hana kosa. Nilizima moja, nikaizima mashine, nikaiwasha, Sekretari akavuta tasbihi. Kalenda ya Hijria tukaikuta haina hatia, tukairudisha. Adhana zilikuwa na hatia kidogo. Walinzi ndio waliokuwa wakiua. Nilipowaondoa wawili na kumwacha mmoja, mashine ikafunguka Sekretari akiwa hajafika nusu ya uzi. Alitazama skrini, akatazama tasbihi.

"Umeninyima thawabu," alisema. Akageukia mlango. "Haya, nyingine! Mwite yule bwana wa kadi za Chumbageni kabla hajafika kwa watu wengine."

Sheikh alikuja siku ya pili, akasubiri adhuhuri ipite, akauliza mbona mashine haiadhini. Sekretari akasema, "Msikiti ule pale, sheikh. Mashine haina udhu." Sheikh akacheka, akaagiza kadi za bintiye.

Ijumaa baba mdogo alipofika na shangazi, duka lilikuwa limejaa mpaka nje. Hakupata pa kuketi. Nilimwamkia shikamoo na kumwomba anisubiri nimalize wateja waliomtangulia, na akasubiri, amesimama, huku watu wakimpita na kadi zao zenye joto la printa. Shangazi alichukua kadi moja akaisoma, akasema nzuri. Mwishowe baba mdogo aliniambia, "Basi, waje kwetu wakati wa likizo."

"Watakuja wakitaka," nilisema.

Sekretari alikuwa akikunja bahasha, lakini niliona mikono yake imesimama.

Nisije nikamfanya malaika. Mwaka ule ule aligombana na mama mmoja kwa ajili ya rangi ya utepe, wakanuniana hadi Idi Kubwa. Aliamini kalamu nyekundu huleta fitina. Alikuwa akimpa kitindamimba wetu sambusa kwa siri na kumwambia asiniambie, kisha akanilaumu mimi kwamba mtoto hali wali. Mashine nayo haikupona kabisa. Baadaye tuligundua diski yake ilikuwa imechoka kweli, tukaibadilisha, na fundi wa Ngamiani akajisifu kwamba alisema tangu mwanzo. Sekretari alimwacha ajisifu. "Maneno yake si zawadi," aliniambia. "Haya naweza kuyakataa."

Miaka ikapita. Siku niliyokaa naye mara ya mwisho tukiwa na kazi mbele yetu, alikuwa hatoki tena chumbani. Macho yalikuwa yamepunguka, miguu imevimba, lakini kila kadi ilipita kwake kabla ya kuchapwa. Duka nilikuwa naliendesha mimi. Nilimpelekea kadi ya harusi ya mdogo wangu, yule aliyeniuliza kama wafunge nguo.

Aliishika karibu na pua. Kadi ilisema kwamba baba mdogo, wa Maramba, anayo furaha kuwaalika watu kwenye harusi ya binti yake.

"Nani anaoza?" aliuliza.

"Baba mdogo ameagiza jina lake litangulie. Anasema watu wa Maramba watauliza."

"Sijakuuliza ameagiza nini. Walii nani?"

"Sheikh anasema katika kumwozesha bibi harusi, kaka humtangulia ami. Ni mimi."

"Basi mbona kadi hii inakualika wewe kwenye shughuli yako mwenyewe?"

Nilimwambia mimi sina mke, sina mvi, watu watasema wamealikwa na kijana.

"Waseme," alisema. "Wakimaliza kusema watakuja kula." Akanirudishia kadi. "Andika."

Nikaandika pale kitandani pake, kompyuta ndogo ikiwa magotini, yeye akitamka polepole: kaka wa bibi harusi, kwa niaba ya marehemu baba na mama yao, pamoja na wadogo zake, anayo furaha kukualika. Akaniambia nisome. Nikasoma. Akaniambia nisome tena, kwa sauti, mpaka walioko uani wasikie. Nikasoma, na uani vyombo vikanyamaza.

"Chapa," alisema. "Ya kwanza kabisa kampe baba yako mdogo. Usiitume. Vaa kanzu, uende Maramba, umpe mkononi."

"Akikataa kuipokea?"

"Mwite mgeni kwa heshima, uone kama atakataa."

Nilichukua bahasha, nikachagua kalamu nyeusi, na kwa mwandiko wangu mzuri kuliko wote nikaandika juu yake: *Kwa Baba Mdogo na familia, Maramba. Karibuni kwetu.*